Chombo cha Asli Kilichonyimwa Maziwa

"Asli, dada yangu, nikuulize na usikasirike. Wenzako walipokimbia vita walibeba dhahabu, walibeba redio, kuna mmoja alivuka mpaka na cherehani kichwani. Wewe ukabeba chombo cha maziwa, tena kitupu, na ng'ombe huna hata wa kuazima. Ulikuwa unakwenda kukama nini njiani? Fisi?"

Aliyeuliza ni Sadia, mwanamke wa Kiorma ambaye mji mzima wa Garsen unamwita Mama Wako. Wakati huo Asli alikuwa mgeni aliyeingia karibuni kutoka Somalia, na chumba alichopewa na binamu ya marehemu mumewe kilipakana na ua wa Sadia. Mwingine angeona anachekwa. Asli alimtazama jirani yake, akaona mtu anayetaka kujua kweli, akamjibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza:

"Fisi hakusimama, Mama Wako. Angesimama, ningemkama."

Wakacheka mpaka watu wakachungulia juu ya ua. Tangu siku hiyo wakawa kama waliozaliwa tumbo moja.

Chombo chenyewe Wasomali hukiita haan. Kilisukwa na nyanya yake Asli, huko upande wa Afmadow, kwa nyuzi za mizizi zilizobanwa hata maziwa hayapati pa kupenya. Kina shingo nyembamba, kina mikanda ya ngozi ya kukifunga mgongoni mwa ngamia, na kifuniko chake ukikigeuza ni kikombe. Nyanya alimpa mama yake Asli siku ya arusi, na mama akampa Asli siku ya arusi yake. Hiyo ndiyo desturi ya wanawake wa ukoo wao: nyumba mpya haianzi kuingiwa na bibi arusi. Kwanza huingia chombo cha mama, kimejaa maziwa, na mama mkwe hunywa kikombe cha kwanza mbele ya wote. Ndipo msichana hufuata. Akifuata hivyo, watu husema hakuja peke yake, amekuja na mama zake wote.

Vita vilipofika, Asli alikuwa tayari mjane. Alimshika binti yake Nasteha mkono, chombo akakifunga mgongoni, sufuria akaziacha jikoni zikiwa na moto chini yake. Hakuwahi kujuta. Alisema sufuria zina ndugu zao madukani.

Garsen ilimpokea. Asubuhi alikwenda kuwapokea wanawake wa Kiorma wanaoleta maziwa kutoka malishoni, akayachukua kwa madumu ya plastiki, akawauzia wenye hoteli na abiria wa mabasi ya Lamu na Malindi. Kazi hiyo ilikuwa ya madumu. Lakini ya nyumbani ilikuwa ya chombo. Kila siku maziwa kidogo yaliingia mle, na kila Ijumaa kabla ya adhuhuri Asli alikiosha, akatia makaa ya mgunga ndani, akakitikisa mpaka moshi ukakolea. Nasteha alikua akinywa maziwa yenye harufu hiyo, na alipokwenda kwa watu wengine alirudi akilalamika kwamba maziwa yao hayana ladha, ni kama maji yaliyotiwa chokaa.

Kisha ikaja ile mvua ya Elnino. Mto Tana uliacha njia yake ukaja kulala majumbani. Watu walipanda juu ya tuta la barabara na mbuzi na wagonjwa wao, na kijiji kama Chara kikawa hakifikiki ila kwa mtumbwi. Asli kwa mara ya pili alitoka nyumbani kwake na Nasteha na chombo, safari hii chombo kikiwa kichwani kwa sababu maji yalifika kifuani. Alisoma dua njia nzima, na Mwenyezi Mungu akamvusha.

Maji yalipoondoka, ndipo watu walipoona walichopoteza. Mama mmoja wa Chara alifika kwenye kikundi cha akina mama akilia, na hakulilia nyumba. Alilia kinu cha mama yake. "Nyumba nitajenga," alisema. "Kile kinu nitakijenga kwa nini?"

Sadia, aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi, hakulala na maneno hayo. Palikuwa na ghala la zamani la mfanyabiashara wa ng'ombe, lenye sakafu ya saruji iliyoinuliwa, mahali ambapo maji hayakufika. Mwenyewe aliwapa walitumie. Danson, mwalimu wa shule ya msingi, Mpokomo mwenye mikono ya useremala, aliwatengenezea rafu kwa mbao za mtumbwi uliovunjika katika mafuriko. Ni yeye aliyesema mahali pale paitwe makumbusho.

"Makumbusho ni ya waliokufa, Mwalimu," Sadia alimwambia. "Sisi mbona tuko hai na tunadaiwa michango?"

"Mama Wako, wanafunzi wangu hawajui kigoda cha nyanya zao kilifananaje. Ukiwaonyesha leo, hata wewe ukifa utakuwa umesaidia."

"Umeshaniua tayari!"

Lakini jina likashika. Vitu vikaja. Vikaja vigoda na ngoma za Wapokomo, vikaja vyombo vya maziwa vya Waorma vyenye shanga shingoni. Mzee mmoja aliyekimbia Kismayu alileta loho, ule ubao wa kusomea Kurani, uliofutwa na kuandikwa mpaka katikati pamebonyea. Mwanamke mwingine aliyekuja naye alileta dele la shaba la kahawa ambalo alilivusha mpakani akiwa amelivalisha nguo kama mtoto mchanga. Na Asli, kabla ya wote hao, alileta haan yake. Hakuombwa. Aliona mto umekikosa chombo mara moja na hakutaka kuujaribu tena. Alikiweka rafu ya katikati, akakifungua kifuniko ili watoto wa shule waone ndani kulivyosukwa, na wakija aliwasimulia.

Mwaka haukuisha, dele la shaba likaazimwa kwa ajili ya arusi ya mpwa wa mwenyewe. Halikurudi. Baadaye mtu aliliona Malindi, limening'inia katika duka la vitu vya watalii. Mwenye dele alilia hapo ghalani kama aliyefiwa. Asli akasimama mbele ya kikundi kwa hasira.

"Kitu kikiingia mlango huu kisitoke tena," alisema. "Hata mwenyewe akija akilia. Hata nikiwa mimi."

Wakakubali wote. Waislamu wakainua mikono wakasoma Fatiha, na akina mama wa Kipokomo wakaomba kwa njia yao wakasema amina. Neno likafungwa.

Basi hapo ndipo Mungu alipomletea Nasteha mchumba. Kijana aliitwa Farah, mfugaji wa Ndera, mpole, anayeswali, ambaye alizoea kuleta ng'ombe mnada wa Garsen na kupitia kwa Asli kunywa chai hata siku ambazo hakuwa na ng'ombe wa kuleta. Asli aliona, akanyamaza, akashukuru. Mama yake Farah, Yurub, alifika kuposa akiwa amejitanda shuka mpya. Mambo yote yalikwenda vizuri mpaka alipoangaza macho ukutani.

"Abaayo," alimwambia Asli, kama dada amwitavyo dada, "watu wa Afmadow nawajua. Chombo cha mama kiko wapi?"

"Kipo. Kiko makumbusho."

"Wapi?"

"Mahali pa kuwekea vitu vya zamani. Watoto wanakuja kuviona."

Yurub aliweka kikombe cha chai chini. "Na siku ya arusi nitakunywa kwa nini? Kwa dumu? Mwanangu anaoa binti ya Asli, watu wa Ndera wanangojea kuona chombo kilichovuka vita na mafuriko, kisha mlete plastiki ya mafuta ya kupikia?"

Nasteha, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia, alitoka bila kujali haya ya mchumba. "Hooyo," alimwambia mama yake, "mimi bila chombo siingii ile nyumba. Si kiburi. Sina nyanya wa kunishika mkono, sina shangazi, sina baba. Niingie na nani?"

Kesho yake Asli aliamka mapema. Alivaa viatu, akaenda kwa Sadia.

Sadia alimsikiliza mpaka mwisho, akichambua mchele. Kisha akasema kwa upole, "Neno lako ndilo lililofunga ule mlango, dada."

"Najua."

"Tulilisomea Fatiha. Ufunguo ninao mimi, lakini Fatiha haifunguliwi kwa ufunguo. Nikikutolea wewe rafiki yangu, kesho mwenye loho atasema mbona Asli. Na yule wa dele nitamtazama vipi?"

"Mama Wako, ni mtoto wako pia anayeolewa."

"Ndiyo maana sikulala usiku. Unafikiri sikusikia habari za posa? Ua wetu ni wa makuti." Sadia akasukuma ungo pembeni. "Nina wazo. Tujaze maziwa mle mle ghalani. Bibi arusi apitie pale, Yurub anywe pale, chombo kibaki rafuni. Desturi imetimia na neno halijavunjika."

Yurub alipoletewa shauri hilo alicheka mpaka akashika mbavu. "Kwa hiyo Farah anaoa ghala? Haya, atalala rafu ya juu au ya chini?" Hata hivyo, alipoona uso wa Asli aliacha mzaha, akasema wajaribu, kwa kuwa wema haukatai kujaribiwa.

Wakakusanyika ghalani asubuhi moja: Sadia na akina mama wa kikundi, Yurub, Nasteha, na Mwalimu Danson aliyekuja kushusha chombo rafuni kwa heshima kama mtu ashushaye Biblia. Asli alisema bismillahi, akamimina maziwa.

Yaliingia vizuri. Akina mama wakaanza kupiga vigelegele. Kisha Yurub akatazama chini, na vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Maziwa yalikuwa yakitoka. Hayakutoka mahali pamoja pa kuziba kwa kidole. Yalitoka kila mahali, kama jasho, yakateremka kwenye mikanda ya ngozi, yakatandaa juu ya saruji.

Maziwa kumwagika siku ya shughuli ni jambo ambalo watu wa ng'ombe hawalichukulii mchezo. Nasteha alifunika uso kwa mtandio. Mwanamke mmoja alinong'ona kwamba pengine Mungu hakupendezwa na kuzungukwa kwa lile neno. Mwalimu Danson aliuliza, kwa masikitiko ya kweli, "Panya?"

Asli alikuwa amepiga magoti. Hakulia. Alikipapasa chombo kuanzia shingo hadi kitako, akakinusa ndani, akaweka sikio kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Nyuzi zilikuwa nzima. Hakuna iliyokatika. Zilikuwa zimekauka na kusinyaa tu, kila moja imejitenga na mwenzake. Na hapo akaona walichokifanya wote, yeye akiwa mbele yao. Wanawake waliolelewa kwa maziwa, ambao nyumbani hawangeacha chombo siku mbili bila kukitilia kitu, walipokiweka rafuni walikiheshimu mpaka wakaogopa kukigusa. Walikipangusa vumbi. Walikiacha wazi, kaskazi ikikaushe ndani. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kutia tone la maziwa katika kitu cha makumbusho.

Alishusha pumzi, akainua kichwa, na sauti yake ilikuwa ileile aliyotumia kuwagombeza makondakta wa mabasi.

"Hakijafa," alisema. "Kina kiu. Tumekishindisha njaa kwa adabu zetu."

"Kitapona?" Nasteha aliuliza.

"Kilipita mkononi mwa nyanya yako miaka ya ukame, ng'ombe wote wakakauka, na kikapona. Lakini hakiwezi kupona hapa. Hapa hapana jiko, hapana maziwa ya asubuhi, hapana mtu wa kukigeuza." Akamgeukia Sadia. "Mama Wako, mimi ndiye niliyesema kisitoke. Nilisema hivyo ili kisipotee. Kikikaa hapa kitapotea, hata kama kila mtu anakiona. Nakuomba mbele ya watu, tusome tena."

Sadia aliwatazama akina mama, mmoja mmoja. Macho yake yalikaa zaidi kwa yule aliyepoteza dele. Mwanamke huyo alikuwa amechutama, akipangusa maziwa sakafuni kwa upindo wa leso yake. Hakuinua kichwa aliposema, "Dele langu liliuzwa. Hiki kinakwenda kunywa. Si jambo moja. Someni."

Wakainua mikono. Safari hii neno lilikuwa jingine: kitu kisiuzwe, kisipewe mgeni, lakini kilichozaliwa kwa ajili ya kazi kiruhusiwe kwenda kufanya kazi yake kwa watu wake. Akina mama wa Kipokomo wakasema amina kabla hata Waislamu hawajafuta nyuso zao.

Asli alikibeba chombo nyumbani kwa mikono miwili. Alianza na maji ya uvuguvugu, kidogo kidogo, akikizungusha ili kila upande upate. Kisha akapaka samli kwenye misuko, nje na ndani, kwa kidole, polepole, kama mtu apakaye mtoto mafuta. Kisha makaa ya mgunga na moshi. Kisha maziwa, kikombe kimoja, yakavuja. Akatia tena. Yakavuja, lakini yalichelewa. Asli akasema alhamdulillahi, akatia tena.

Habari zikaenea. Wanawake wa Kiorma wanaoleta maziwa asubuhi walikuwa wakipitia kwanza mlangoni kwa Asli, kila mmoja anamimina kidogo, hata wale ambao hawakumjua Nasteha kwa sura. "Kimeshindaje?" waliuliza, kama wanaomjulia hali mgonjwa. Na Asli alijibu, "Kimekunywa, kimelala." Sadia alileta maziwa ya ng'ombe wake mweupe, na akagombana na mwenzake aliyeleta ya mbuzi.

"Maziwa ya mbuzi kwa chombo cha arusi! Unataka bibi arusi apande miti?"

"Mama Wako, chombo hakiulizi kabila."

Kabla arusi haijafika, Asli alikijaza mpaka shingoni jioni moja, akakiweka juu ya karatasi ya gazeti la Mwalimu. Walipotoka kuswali wakaitazama ile karatasi. Ilikuwa kavu. Nasteha alikikumbatia chombo pamoja na mama yake, wote kwa mara moja, na harufu ya moshi ikawajaa nguoni.

Nikaha ilisomwa msikitini Garsen. Baadaye wanawake walipanda lori la ng'ombe lililotandikwa mikeka, wakaelekea Ndera. Njia hiyo baada ya mvua ina mashimo ya kumtoa mtu meno. Asli alikaa chini kabisa, chombo mapajani, kimejaa, na kila lori liliporuka wanawake walipiga kelele "Maziwa!" badala ya kujishikilia wenyewe. Sadia aligonga kichwa chake kwenye ubao na bado alichungulia kwanza chini ya chombo. Palikuwa pakavu.

Mbele ya nyumba mpya ya mikeka, Asli alitangulia. Aliinama mlangoni, akakiweka chombo upande wa kulia, akageuza kifuniko, akamimina. Yurub alipokea kwa mikono miwili, akanywa, akafumba macho. Hakufanya mzaha. Alisema tu, "Hivi ndivyo mama yangu alivyokuwa akininywesha," akanywa tena mpaka kikombe kikaisha. Ndipo Nasteha akaingia, na vigelegele vya Ndera vikawatisha ndama zizini.

Leo chombo kiko Ndera, kwa Nasteha, na kila asubuhi kina kazi. Asli angali steji ya Garsen na madumu yake, na angali anawagombeza makondakta. Kule makumbusho, rafu ya katikati ilibaki na nafasi, na Sadia alipomwita mbele ya kikundi akamwuliza anataka wafanye nini, waweke kitu gani pale, Asli alikuwa na ombi moja. Mwalimu Danson aliliandika ubaoni kwa maneno ya Asli mwenyewe, kama alivyolisema:

"Ninawaomba kila chombo cha maziwa kilicho humu kipelekwe kwa nyumba yenye ng'ombe kila mwezi, kinywe, kifukizwe, kirudi. Msingoje arusi. Na msivifungue vifuniko kwa ajili ya wageni. Mgeni akitaka kuona ndani, mpeni maziwa anywe."